Kenge wa Komodo na nondo atlasi: ulinganishe nini?

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kulinganisha kenge wa Komodo (mjusi mkubwa wa Indonesia) na nondo atlasi (mdudu mkubwa mwenye mabawa, jamaa wa kipepeo) kwa kazi ya biolojia. Usianze na ukubwa. Wengi huweka mita 3 za kenge kando ya sentimita 24 za nondo, wakasahau kwamba ya kwanza ni urefu kutoka pua hadi ncha ya mkia, na ya pili ni upana wa mabawa yaliyokunjuliwa. Ukitaja vipimo, andika umepima nini.

Anza na kunusa, hapo ndipo penye utamu. Kenge hutoa ulimi wenye ncha mbili, hunasa chembe za harufu na kuzipeleka kwenye kiungo cha Jacobson, kiungo cha kunusia kilicho juu ya kaakaa. Ncha iliyobeba harufu nyingi zaidi humwonyesha upande wa kufuata. Nondo dume hutumia vipapasio vipana kama manyoya kunasa feromoni ya jike, yaani kemikali anayoitoa kumvutia dume. Kazi inafanana, viungo ni tofauti kabisa.

Kisha chakula. Kenge huwinda maisha yake yote, kuanzia wadudu akiwa mdogo hadi kulungu na nguruwe pori akikomaa. Nondo hula akiwa kiwavi tu. Akitoka kwenye kifukofuko hana mdomo unaofanya kazi, na huishi wiki 1 hadi 2 kwa mafuta aliyohifadhi. Kwa hiyo ukilinganisha mlo wa wapevu peke yao, safu ya nondo kwenye jedwali lako itabaki tupu. Mweke kiwavi.

Mwisho ukuaji, na sehemu hii ni fupi: kenge huanguliwa akiwa na umbo la mzazi; nondo hupitia yai, kiwavi, pupa (hatua ya ndani ya kifukofuko), kisha mpevu.