Kinubi harusini: majibu kwa wasomaji wa Tabora na Kigoma

Maswali ninayoulizwa ukumbini, kanisani na hata stesheni kuhusu kazi yangu ya kupiga kinubi kwenye harusi yamekuwa yakifanana, nami nimeona ni vyema kuyajibu kwa maandishi, swali kwanza, kisha jibu langu. Kinubi ninachokizungumzia ni kile cha nyuzi 36, kinachomfikia mtu mzima mabegani, si kile kikubwa cha okestra chenye nyuzi 47 na pedali 7, ambacho uzito wake unakaribia kilo 40.

Mimi ni katibu wa kamati ya harusi hapa Tabora mjini. Tumeshapata mshereheshaji, DJ na matarumbeta. Mwenyekiti wetu anauliza kinubi kitakaa wapi katika ratiba, na kama kweli kitasikika.

Kitasikika, ndugu katibu, iwapo mtakitengea muda wake na kukilindia utulivu wa kadiri. Kinubi hakina nguvu za kushindana na tarumbeta wala na spika za DJ, na kamati inayomlipa mpiga kinubi huku DJ akijaribu mitambo yake pembeni inatupa michango ya watu. Vipindi viwili vinakifaa sana: saa ile wageni wanapoingia na kutafuta meza zao kabla maharusi hawajafika, na wakati wa chakula, ambapo watu wamekaa na wanataka kuzungumza bila kupaza sauti. Kuingia kwa maharusi waachieni matarumbeta, kwa sababu shangazi na mama wadogo wanaotaka kucheza mbele ya mtoto wao wana haki ya kucheza.

Kuhusu sauti, kinubi kinahitaji kipaza sauti kimoja kilichoelekezwa kwenye ubao wake wa sauti, yaani ule ambao nyuzi zimefungwa, kwa chini kidogo ya katikati, na fundi mitambo apunguze besi, la sivyo ukumbi mzima utavuma. Msimweke mpigaji chini ya feni, maana upepo wa feni huyumbisha sauti ya nyuzi ndani ya dakika chache, wala karibu na mlango wa kupitishia vyakula. Zaidi ya yote, andikeni muda wa kinubi katika ratiba ileile anayokabidhiwa mshereheshaji. Yeye ndiye mwenye ukumbi usiku huo, na jambo ambalo halikuandikwa kwenye karatasi yake halitafanyika, hata kama mwenyekiti aliliahidi kikaoni mbele ya wajumbe wote.

Ninafundisha kwaya ya parokia huko Kasulu. Kuna ndoa inakuja na familia imeomba kinubi. Je, kinaruhusiwa katika Misa, na kinaweza kuisindikiza kwaya?

Mwalimu, hati ya liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ya mwaka 1963, inakipa kinanda cha filimbi heshima ya kwanza, lakini inaruhusu pia ala nyingine zinazofaa ibada, kwa idhini ya mamlaka ya Kanisa. Kwa hiyo familia ianze kwa paroko, na iende kwake mapema, si siku ya mazoezi ya mwisho. Mimi sikubali kazi ya kanisani mpaka nisikie kwamba paroko mwenyewe amekubali, kwa kuwa si vizuri mgeni kubeba ala hadi mlangoni ndipo mabishano yaanze mbele ya wazazi wa bibi harusi.

Kusindikiza kwaya ndiko kunakohitaji maandalizi makubwa, na naomba univumilie nieleze kwa kirefu. Kinubi cha aina yangu hakina pedali. Juu ya kila uzi kuna kishikio kidogo ambacho ukikiinua uzi hupanda nusu toni, na ukikishusha hurudi pale ulipokuwa. Wengi wetu hukaza nyuzi katika ufunguo wa E flati, na kwa kuinua vishikio tunapata B flati, F, C, G, D, A na E. A flati haimo, kwa sababu inahitaji D iliyoshushwa, na kishikio hupandisha tu. Ikiwa wimbo wenu wa matoleo uko A flati, ama uimbwe G, ama nyuzi zote za D zishushwe kwa mkono kabla ya Misa, na hapo nyimbo nyingine nazo zitaguswa. Niandikie wiki moja kabla kila wimbo unaanza na ufunguo gani, na kama unahama katikati, unahamia wapi, kwa kuwa mkono unaogeuza kishikio ni mkono ulioacha kupiga.

Mpiga kinanda naye aelezwe. Kwenye kinanda cha umeme kuna kitufe cha kuhamisha sauti, na wapo wanaokibonyeza pale soprano wanapoonekana kuchoka. Kwaya itafuata bila shida, lakini kinubi kitabaki pale kilipokuwa, nusu toni mbali na wengine, na kanisa zima litageuka kutazama. Kwa maoni yangu, kinubi kikae peke yake wakati bibi harusi anapoingia, wakati wa kutia saini hati ya ndoa na baada ya komunyo, kisha kwaya yako ibaki na kinanda chake katika nyimbo zenye shangwe. Waumini wa Kasulu wamekuja kuimba, na kinubi kisiwanyang'anye nafasi hiyo.

Mimi ni kijana, napiga gitaa kwenye harusi hapa Kigoma mjini. Kamati huniambia nipunguze bei kwa kuwa sisi ni ndugu, na salio mara nyingine silioni. Wewe unafanyaje?

Mdogo wangu, kumbuka kwamba unayepatana naye ni kamati, na kamati ina siku ya kuvunjwa. Mkisherehekea kuvunja kamati, mweka hazina amekwisha kufunga daftari, mwenyekiti amerudi kwenye shughuli zake, na maharusi, ambao hawakupatana nawe, hawana la kukujibu. Deni lako linabaki halina mwenyewe. Kwa sababu hiyo mimi huomba nusu ya malipo siku ya makubaliano, na nusu iliyobaki kabla sijakaa kwenye kiti changu ukumbini, tena huomba kwa upole na mbele ya mtu wa tatu. Makubaliano yawe ya ukurasa mmoja: tarehe, mahali, saa ya kuanza na kumaliza, nani anagharimia usafiri na malazi, na nini kitafuata harusi ikiahirishwa. Ndugu wa kweli haoni aibu kusaini.

Bei usiipange kwa saa za kupiga pekee. Hesabu mazoezi ya nyimbo walizoomba, nauli, nyuzi na siku nzima inayopotea. Hesabu pia miezi mikavu: katika Kwaresima ndoa za Kikatoliki karibu zinasimama, na kwa Waislamu sherehe hupungua sana katika Ramadhani. Kwa upande wa Tabora, harusi za vijijini hufuata fedha ya tumbaku, kwa hiyo msimu mzuri ukija weka akiba. Jisajili pia katika Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, na upate namba ya mlipakodi. Taasisi zinazoandaa hafla kubwa huviuliza vitu hivi kabla ya kuuliza unapiga nini.

Unasafirishaje kinubi kutoka Tabora hadi Kigoma bila kuharibika?

Kwa treni, nikiwa nacho katika behewa ninalosafiria. Njia ni zaidi ya kilomita 400, na sikipeleki kwenye behewa la mizigo hata nikiahidiwa kwamba kitatunzwa. Humwona mkuu wa stesheni siku kadhaa kabla, nikamwonyesha ukubwa wake, na hukifunga kwa mfuko wenye sponji na blanketi juu yake. Adui mkubwa ni jua. Gari lililoegeshwa juani Tabora mwezi wa Oktoba hupata joto la kulegeza gundi na kupinda ubao wa sauti, na ubao ukipinda hakuna fundi wa karibu wa kuutengeneza. Kigoma shida ni unyevu wa masika, unaofanya nyuzi za utumbo wa mnyama zivimbe na kukatika, ndiyo maana hutembea na nyuzi za akiba, kila moja kwenye bahasha yenye namba yake. Nikifika hukiacha kipumzike ukumbini kwanza, ndipo nikaze nyuzi, kisha nizikaze tena muda mfupi kabla ya kuanza.

Assalaam alaykum. Sisi ni familia ya Ujiji na binti yetu anaolewa. Je, unaweza kupiga kwenye nikahi?

Waalaykumu salaam, mama yangu. Kwenye nikahi yenyewe sipigi. Kwenye karamu baada ya hapo, wanazuoni wana maoni tofauti juu ya ala za nyuzi, kwa hiyo neno la mwisho ni lenu na la sheikh wenu. Mkiridhia nitakuja, na mkiamua kubaki na kasida na dufu peke yake, nitawaombea heri kwa moyo mmoja.

Shikamoo. Nina miaka kumi na saba, naishi Urambo, na nataka kupiga kinubi. Nianzie wapi wakati sina kinubi?

Marahaba, binti yangu. Anza na kusoma nota, kwa kinanda cha kwaya yenu, kwa sababu muziki wa kinubi huandikwa kwenye safu mbili za mistari mitano kama ule wa kinanda. Ukimaliza shule na kupata nafasi, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo inafundisha muziki, na Zanzibar kuna chuo cha muziki wa nchi za jahazi, yaani Dhow Countries Music Academy. Vidole vinavyotumika katika kinubi ni vinne kila mkono, kidole cha mwisho hakigusi uzi, na kucha ziwe fupi. Kama kuna mzee jirani anayepiga ala ya nyuzi ya asili, kama litungu la Wakurya au enanga ya Wahaya, mwombe akufundishe kuvuta uzi na kuuzima kwa wakati, kwa kuwa uzi usiozimwa huchafua unaofuata. Ukipita Tabora mjini siku ya Jumamosi ambayo sina harusi, njoo na mzazi wako ukae mbele ya changu. Nyuzi nyekundu ni C na nyeusi ni F, na ukishazijua hizo utaweza kuzitambua nyingine zote ukiwa umeketi.