Kitufe Kinaagiza, Relei Inabeba: Maswali Yenu Kuhusu Honi za Upepo

Wiki hii maswali karibu yote ni ya honi. Nahisi kuna mtu kashusha mzigo wa zile honi za upepo hapa mjini Mwanza, zenye tarumbeta fupi na kompresa ubavuni, maana kila pikipiki ninayopishana nayo Mabatini inalia kama lori. Nimechukua yanayojirudia.

Shikamoo fundi. Nilinunua honi ya upepo, nikang'oa ya zamani na kuchomeka waya zilezile. Siku ya kwanza ilipiga vizuri. Ya pili kitufe kikaanza kunuka, sasa hata indiketa haziwaki. Nimeuziwa feki? (Bodaboda, Igoma)

Marahaba kijana. Honi yako huenda ni nzima kabisa, ila njia uliyoipa umeme ndiyo mbovu. Honi iliyokuja na pikipiki inakula ampea 2 au 3 hivi. Kompresa ya honi ya upepo inaweza kula 15 mpaka 20. Sasa fungua kile kitufe chako uangalie ndani: ni vibati viwili vidogo kama ukucha wa mtoto, vinagusana kwa kuchungulia tu. Ukivipitishia ampea 18 vinachemka, plastiki inalainika, na fyuzi kuu ikikatika inaondoka na kila kinachoitegemea. Ndiyo maana indiketa zimelala.

Dawa yake ni relei, yaani swichi inayowashwa na umeme kidogo ili ipitishe umeme mwingi. Mfikirie konda na dereva wa daladala: konda anagonga bati tu, anayeondoa gari ni dereva. Kitufe ndiye konda. Relei ndiyo inayobeba mzigo.

Chukua relei ya volti 12 ya ampea 30 au 40. Chini yake kuna miguu yenye namba. Namba 30 inakwenda kwenye chanya ya betri, ikipitia fyuzi ya ampea 20 iliyofungwa karibu na betri, isizidi shubiri moja. Namba 87 inakwenda kwenye chanya ya kompresa. Hasi ya kompresa irudishe mpaka kwenye hasi ya betri. Usiibane kwenye fremu yenye rangi ukategemea bahati. Zinabaki 85 na 86. Hapo ndipo unapochomeka zile waya mbili za honi ya zamani, huku moja na kule nyingine. Pikipiki nyingine kitufe kinakata chanya, nyingine kinakata hasi, lakini ukitumia waya zote mbili hivyo hujali. Relei ya kawaida haibagui upande. Ila kama ubavuni imechorwa alama ya dayodi, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, fuata mchoro wake.

Waya wa kubebea mzigo uwe wa milimita 2.5, wenye nyuzi nyingi ndani. Usichukue ule mgumu wa uzi mmoja wa kufungia nyumba. Barabara zetu za mawe zitautikisa mpaka ukatike ndani ya ganda lake, halafu utazunguka wiki nzima ukitafuta tatizo.

Kuna relei zenye mguu wa tano, 87a. Huo uache mtupu, uvishe tepu. Nilipokuwa najifunza kazi niliwahi kuchomeka kompresa hapo. Nilipoweka fyuzi tu honi ikaanza kupiga yenyewe, na nilipobonyeza kitufe ikanyamaza. Gereji nzima ilinicheka mpaka jioni.

Fundi, mimi fyuzi inaungua kila mara. Rafiki yangu kaweka karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, sasa haiungui tena. Kuna shida? (Buhongwa)

Ipo. Kitakachoungua sasa ni waya, na waya wako unapita chini ya tenki la petroli. Toa hiyo karatasi leo. Fyuzi inayokatika inakuambia kuna waya umechubuka unagusa chuma, au kompresa imekwama. Itafute sababu. Anzia shingoni, pale usukani unapokunjia, waya nyingi huchubukia hapo.

Nimefunga na relei kabisa kama unavyosemaga. Lakini asubuhi nikibonyeza inafanya tik-tik-tik, honi inatoa sauti ya mbuzi. Mchana inakuwa nafuu. (Nyegezi)

Hii naipenda kwa sababu relei yenyewe inakueleza ugonjwa. Ukibonyeza, kompresa inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, volti za betri zinaporomoka, relei inakosa nguvu ya kujishikilia na kuachia. Ikiachia mzigo unaondoka, volti zinapanda, inashika tena. Hapo ndipo tik-tik-tik inapotoka.

Chukua mita, weka kwenye ncha za betri. Betri nzima iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, itasoma volti 12.6 au jirani na hapo. Bonyeza honi huku unaangalia. Ikishuka chini ya 10, betri imechoka au haijajaa. Ikibaki 11 na kitu lakini honi bado inalia kimbuzi, basi betri haina kosa: umeme unapotelea njiani. Hamishia mita kwenye ncha za kompresa, bonyeza tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo unayopoteza kwenye viungio vyako. Mara nyingi ni hasi iliyobanwa juu ya kutu, au waya uliosokotwa kwa vidole na kufungwa tepu tu.

Usiogope kwamba honi itamaliza betri. Betri ya ampea 5 kwa saa ina akiba ya sekunde 18,000 za ampea moja, na honi ya ampea 18 ukiipiga sekunde tatu imekula 54. Inayoua betri ndogo ni tabia ya kukandamiza kitufe kuanzia Mkuyuni mpaka Igogo.

Pikipiki yangu betri ilikufa zamani, nawasha kwa kiki. Naweza kuchukua umeme kwenye waya wa taa kubwa? (Nansio, Ukerewe)

Hapana, ndugu yangu. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa kubwa inalishwa moja kwa moja na koili ya magneti, na umeme ule ni wa kwenda na kurudi, si wa betri. Mota ya kompresa itatetemeka tu pale ilipo. Hata ukiupitisha kwenye rektifaya, kifaa cha kuugeuza uende upande mmoja, hautatosha: volti 12 kwa ampea 18 ni wati zaidi ya 200, na chaji ya pikipiki ndogo haifiki huko. Nunua betri kwanza.

Boksi la honi yangu limeandikwa desibeli 300. Ni kweli? (Usagara)

Hata kidogo. Mlio wa kawaida hewani hauwezi kupita kama desibeli 194. Aliyeandika hiyo namba alikuwa anauza boksi.

Mwanangu, mimi si dereva. Nakaa karibu na soko la samaki la Mwaloni. Saa kumi alfajiri hawa vijana wa dagaa wanapiga hizo honi mpaka mjukuu anaruka kitandani. Nyinyi mafundi mnawafungia za nini? (Mama, Kirumba)

Shikamoo mama. Hapa umenishika. Ni kweli tunafunga, na anayekimbia barabara kuu ya Shinyanga usiku ana sababu ya kusikika na dereva wa lori aliyefunga vioo. Mwaloni hana sababu hiyo. Mimi siku hizi mteja akija namshauri abaki na honi yake ya zamani kwenye kitufe chake, na ya upepo nimfungie kitufe cha pili, mbali kidogo na kidole gumba, ili aifuate kwa makusudi. Umeme wa kitufe hicho nauchukua baada ya swichi ya funguo, watoto wasije wakaichezea pikipiki ikiwa imeegeshwa. Anayetaka king'ora cha ambulensi namrudisha alikotoka. Na vijana wajue kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inagusa kelele pia. Pole sana, mama.

Nikishaosha pikipiki ziwani honi inakoroma siku nzima. (Kisesa)

Umeifunga tarumbeta ikiangalia juu, inakusanya maji kama kikombe. Igeuze mdomo uangalie mbele na chini kidogo, kompresa isimame wima, mbali na ekzosi, halafu kunja usukani kushoto na kulia mpaka mwisho uone kama hakuna kinachogusa. Kompresa ina tundu la kuvutia hewa. Usilielekeze kwenye tairi la mbele. Vijidudu vya ziwani navyo, vile vinavyotanda kama moshi, vinaziba hilo tundu vikichanganyika na vumbi.

Kama haijaoshwa na bado haitoi sauti, chungulia ndani kabla ya kununua nyingine. Mwezi uliopita mteja mmoja aliapa kompresa imekufa. Nikachokoa kwa kipande cha spoku, likatoka bonge la udongo, nyumba ya nyigu. Kubonyeza, kuku wa jirani wakatawanyika.