Muulize Fundi: Dirisha la ramani limekuwa manjano, limeganda na ramani ya baba

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Muheza, nauza mbegu na dawa za mimea vijijini kwa pikipiki. Marehemu baba aliniachia begi lake la juu ya tangi, lile lenye sumaku chini na mfuko wa ramani juu. Begi bado imara, ila nailoni ya mfuko imekuwa manjano, ngumu kama ukucha, na upande mmoja imepasuka. Ndani mna fotokopi ya ramani ya Muheza hadi Amani yenye maandishi ya baba ya penseli, nayo imegandana na nailoni. Jirani alinishauri nisugue kwa petroli. Nilijaribu kwenye kona pakawa peupe. Mwingine ananiambia mafuta ya nazi. Nifanyeje? Na siku hizi za simu, ramani ya karatasi ina kazi gani?
— Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kufiwa. Hiyo petroli iache kabisa, na mafuta ya nazi yabaki jikoni.

Nailoni ya mfuko wa ramani ni PVC. Kwa asili yake PVC ni ngumu, ndiyo ile ya mabomba ya maji. Kiwandani huchanganywa na kilainishi ndipo inapokubali kukunjika. Kilainishi hicho hakishikamani na plastiki moja kwa moja. Miaka inavyokwenda kinatoka kidogo kidogo, na kwenye joto kinatoka upesi zaidi. Jua nalo linaigeuza nailoni rangi. Kikishatoka hakuna cha kukirudisha. Mafuta ya nazi yatakaa juu, yatakusanya vumbi na kuchafua uzi. Petroli inakinyonya hata kile kilainishi kidogo kilichobaki, na ndiyo maana kona yako imekuwa nyeupe. Nailoni ikiwa na ukungu mdogo tu, maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande yanatosha. Yako imekwisha. Ng'oa, weka mpya.

Lakini usiing'oe kabla ya kuokoa karatasi, na hapa ndipo nakuomba uende polepole. Fotokopi haichapwi kwa wino wa maji. Ni unga wa plastiki nyeusi ulioyeyushwa kwa joto juu ya karatasi. Kilainishi kikitoka kwenye nailoni kinakutana na unga ule, kinaulainisha, na herufi zinahamia kwenye nailoni. Penseli haina tabia hiyo. Imejisugua ndani ya nyuzi za karatasi, kwa hiyo mwandiko wa baba una nafasi ya kupona kuliko hata ramani yenyewe.

Anza kwa kupiga picha kupitia nailoni hivyohivyo ilivyo, mchana, kivulini, picha nyingi za karibu. Kisha fumua mshono kwa wembe, nailoni na karatasi vitoke pamoja kama kitu kimoja. Vifunge ndani ya mfuko mkavu, viweke kwenye friji kwa saa 1. Si kwenye friza, nailoni kuukuu itavunjika vipande. Ubaridi unaukaza ule unga na mshiko wake unalegea. Ukivitoa, laza karatasi bapa mezani, nailoni iwe juu, uikate nailoni kwa makasi mistari ya upana wa sentimita 2 bila kugusa karatasi. Bandua mstari mmoja mmoja ukianzia pembeni, vidole vya mkono wa pili vikikandamiza karatasi palepale inapoachana. Kinachokunjwa ni nailoni, karatasi isinyanyuke. Ukiona karatasi inatoa manyoya, acha, rudisha kwenye friji.

Mimi nami yalinipata hivyo mwaka 1998, nilipokuwa bwana shamba huko huko kwenu. Nilipobandua, neno "Kisiwani" lilibaki zima kwenye nailoni, na kipande cha njia ya kwenda Sigi kikabaki nalo. Nililisoma kinyumenyume mpaka nilipoigeuza nailoni. Nikailaza juu ya karatasi nyeupe nikafuatisha njia kwa penseli, na nakala hiyo ninayo hadi leo. Kwa hiyo mistari ya nailoni usiitupe. Iandike namba, uitunze.

Sasa dirisha jipya. Nenda kwa mafundi wanaoshona mapazia ya bajaji, yale ya mvua yenye sehemu inayopitisha mwanga. Omba nailoni hiyohiyo, unene wa nusu milimita. Nyembamba zaidi inapigapiga kwenye upepo, nene zaidi haifuati mgongo wa begi. Ikiwa ilikunjwa dukani, ilaze juani nusu saa ilegee kabla ya kuikata, la sivyo utashona mikunjo. Tumia nailoni ya zamani kama kipimo, lakini ongeza sentimita 1 kila upande, maana ya zamani imesinyaa. Kona zikate mviringo. Kona ya pembe kali ndipo mpasuko unapoanzia. Tazama ya kwako utaona.

Mshono ndio unaoharibu kazi za wengi. Nailoni si kitambaa, tundu la sindano halijifungi tena. Ukishona kwa hatua fupi unatoboa mstari kama wa stempu, na siku ya kwanza ya kuvuta zipu utachanika pale pale. Weka hatua ya milimita 4, sindano namba 16 au 18, uzi wa poliesta. Uzi wa pamba utaoza kwa mvua zetu. Usitumie pini kushikiza, tumia vibanio vya kuanikia nguo. Mguu wa cherehani ukinata juu ya nailoni, pitisha karatasi nyembamba katikati, ushone juu yake, kisha uichane. Pindo la nailoni lifunike kwa utepe wa kitambaa, mshono upite kwenye utepe na nailoni kwa pamoja. Na mdomo wa mfuko uelekee kwako wewe unayeendesha. Nimeona mabegi yaliyofumuliwa yakashonwa upya mdomo ukitazama mbele, mvua ya kwanza ramani ikawa uji.

Ukimaliza, usirudishe fotokopi ikiwa inagusa nailoni. Itie kwanza kwenye folda ya plastiki nyepesi ya ofisini, ile inayochakacha. Ile haina kilainishi. Na pikipiki ikilala juani, toa ramani.

Umeuliza kazi ya ramani. Mwanangu, wewe unapita Longuza kwenye misaji, unapita mashamba ya mkonge ambako kila barabara imenyooka na kila njia panda inafanana na iliyopita. Simu inakuonyesha kipande kidogo na mshale. Ukikosea kona ya kwanza, inakuambia ugeuke. Haikuambii kwamba ukiendelea utakutana na reli, na kwamba reli ile itakurudisha Muheza. Karatasi inakuonyesha nchi nzima kwa mara moja. Nilipokuwa naenda vijiji vya juu nilijua kitu kimoja: maji yote ya upande huu yanatafuta Mto Zigi, na Zigi unatelemka hadi bwawa la Mabayani tunakochota maji ya mji wa Tanga. Nikipotea kwenye ukungu nilishuka, nikatazama kijito kinaelekea wapi, nikajua niko upande gani wa mlima. Hicho nilikipata kwenye karatasi, nikiwa nimekaa jioni na taa.

Ramani za Idara ya Upimaji na Ramani za kipimo cha 1:50,000 ndizo za kutafuta. Sentimita 2 ni kilomita 1, na karatasi moja inabeba eneo la karibu kilomita 28 kwa 28. Nyingi zilipimwa zamani, kwa hiyo usizitegemee kwa barabara mpya wala majina ya vitongoji vipya. Milima, mito na migongo ya vilima haijahama. Kupima njia yenye kona, chukua uzi, ulaze juu ya barabara ukifuata kila kona, kisha unyooshe kwenye mstari wa kipimo. Uzi unadanganya kidogo milimani kwa sababu kona ndogo hazikuchorwa. Mimi huongeza kilomita 1 kwa kila 10. Andika namba hizo kwa herufi kubwa kwenye kijikaratasi, kwa mpangilio: kilomita ngapi, daraja, kushoto, kilomita ngapi, shule, kulia. Kijikaratasi ndicho cha kutupia jicho ukiwa juu ya pikipiki. Ramani yenyewe isome ukiwa umesimama, mguu chini, injini imezimwa. Hilo nakusihi kama mzazi.

Na hayo maandishi ya baba, kabla ya kuyahamishia kwenye ramani mpya, nenda kila mahali alipoandika ukaone alikuwa anasema nini. Bwana mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa akiandika "M" ndogo pembeni ya njia. Tulidhani ni mlima. Yalikuwa matope.

SWALI: Salaam fundi. Nafundisha jiografia Pangani. Nimeweka simu ionyeshe koordineti za UTM, yaani zile namba za mistari ya miraba ya ramani, zoni (ukanda) 37 Kusini, nikazitafuta kwenye ramani ya 1:50,000. Inaniweka mahali si pangu kila mara, hata nikisimama penye makutano ninayoyajua. Simu mbovu au ramani mbovu?
— Mwalimu, Pangani

JIBU: Vyote vizima, mwalimu. Ramani zetu za zamani zimejengwa juu ya kipimo cha dunia kiitwacho Arc 1960, simu inatumia WGS84. Ni kama watu wawili wanaopima kiwanja kimoja, kila mmoja ameanzia kwenye jiwe lake. Kwa eneo letu tofauti ni karibu mita 300 kaskazini na kusini, na kama mita 90 mashariki na magharibi. Namba za simu ukizichukua zilivyo, ramani itakuweka kusini na mashariki ya ulipo. Basi ukipata nukta, isogeze milimita 6 juu na milimita 2 kushoto. Programu nyingi za ramani zina mahali pa kuchagua kipimo hicho cha dunia. Ukiona Arc 1960, chagua hiyo na hutahitaji kusogeza kitu. Wapeleke wanafunzi wafanye zoezi hili kwenye makutano unayoyajua, kwanza bila kusogeza, halafu kwa kusogeza. Wakiona nukta inarudi barabarani hawatasahau.

SWALI: Shikamoo babu. Nimenunua dira, nikaiweka kwenye mfuko wa ramani juu ya tangi. Inaonyesha bahari iko magharibi! Nimeuziwa feki?
— Binti, Chumbageni

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Dira huenda ni nzima. Begi lako linakaa kwa sumaku, na chini yake kuna tangi la chuma na injini. Sindano inafuata hivyo. Shuka, tembea hatua kumi kutoka kwenye pikipiki, simu iache kwenye begi, kisha uishike dira bapa kifuani. Kama bado bahari iko magharibi, irudishe dukani. Usiihifadhi ndani ya begi hilo hata siku ambayo huitumii, sumaku kali inaweza kuigeuza sindano moja kwa moja. Kadi ya benki nayo usiiweke humo.

Hapa kwetu Tanga tuna bahati. Mstari wa longitudo 39, ambao ndio wa katikati wa zoni yetu ya UTM, unapita magharibi kidogo ya mji, kwa hiyo mistari ya miraba kwenye ramani inaelekea kaskazini ya kweli karibu kabisa, na dira haipishani nayo sana. Panga ramani kwa dira, tafuta mlima mmoja unaoujua, utakuwa umeshajua ulipo.

SWALI: Je, nilamineti ramani yangu ili isilowe?
— Msomaji, Korogwe

JIBU: Hapana, dada. Ikikunjwa inapasuka kwenye mikunjo, maji yanaingia hapo na hayatoki, na juani inang'aa usione kitu. Kunja karatasi yako kawaida, kipande cha siku hiyo kikitazama juu, uitie kwenye folda. Ikilowa, ilaze katikati ya taulo mbili, weka kitu kizito juu, uiache kivulini hadi kesho yake.

Yule kijana wa Muheza, ukishindwa kubandua, nipo Ngamiani, barabara ya 12, kila siku isipokuwa Ijumaa mchana. Njoo na begi kama lilivyo.