Barua kwa mwanangu: cheti cha ualimu na kibaba cha bibi yako

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Greensboro, North Carolina. Sisi wazima, goti la baba yako limetulia kidogo. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusikiliza mara tatu. Unasema mumeo ameridhia mumtoe mjukuu wangu shuleni mumsomeshe wenyewe nyumbani hapo Kent, jimbo la Washington, ila wewe unasita: "Mama, mimi si mwalimu, hata chuo sikumaliza. Wewe ulikuwa na cheti gani mpaka ukathubutu kutusomesha nyumbani?"

Nilikuwa na cheti kimoja tu, na uliniona nikikitafuta. Nilitoka Tanga na kidato cha nne, na sheria ya North Carolina inamtaka mzazi awe na cheti cha sekondari au kinacholingana nacho. Sikutaka mtu anibishie karatasi zangu, nikaenda kusomea GED, mtihani wa Marekani unaolingana na cheti cha sekondari, jioni baada ya kazi, nyinyi mkinisubiri na baba yenu garini, wewe umelala kiti cha nyuma. Nilipofaulu nikapeleka taarifa kwenye ofisi ya jimbo inayoshughulikia shule zisizo za serikali, nikaipa shule yetu jina, tukaanza. Nilitakiwa kufundisha angalau miezi tisa kwa mwaka, kutunza rejista ya mahudhurio na kadi za chanjo, na kuwapa mtihani sanifu wa kiwango cha kitaifa mara moja kila mwaka. Leseni ya ualimu hakuniuliza mtu.

Hiyo leseni ndiyo inayowatisha watu wetu, kwa sababu kwetu mwalimu ni mtu aliyekwenda chuo cha ualimu akapangiwa kituo. Bibi yako, Mungu amrehemu, alinipigia simu analia, anadhani nimewaachisha shule mkae bure. Lakini Marekani kila jimbo lina sheria yake, na leo hakuna hata moja linalomlazimisha kila mzazi anayesomesha nyumbani awe na leseni. Michigan ndiyo iliyoshikilia sharti hilo mpaka mwisho, na mwaka 1993 mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kwamba wazazi wanaolikataa kwa sababu ya dini wasilazimishwe.

Sasa njoo kwako. Nimekaa na baba yako tukaisoma sheria ya jimbo lenu la Washington mstari kwa mstari. Mzazi anakubaliwa kwa mojawapo ya njia nne: awe na kredi 45 za chuo, yaani alama za masomo aliyomaliza, kwa hesabu ya vyuo vinavyogawa mwaka kwa robo, au amalize kozi ya wazazi kuhusu kusomesha nyumbani, au asimamiwe na mwalimu mwenye leseni, wakionana wastani wa saa moja kwa wiki, au mkuu wa shule zote za wilaya aridhike kwamba anafaa. Hebu itazame hiyo ya kwanza. Kredi 45 ni mwaka mmoja wa masomo ya kutwa, na wewe mwaka huo ulimaliza. Huo mwaka ambao kila ukitajwa unainamisha kichwa, kwamba uliacha chuo ukiwa na mimba, ndio unaokupa haki ya kumsomesha huyo huyo mtoto. Nililia nilipolielewa hilo, mwanangu. Omba chuo karatasi ya matokeo yako uhesabu kredi zako vizuri.

Ulisema pia unaogopa masomo usiyoyajua. Unakumbuka ile jioni ya hesabu za sehemu? Ulikuwa na miaka tisa, ukaniuliza kwa nini ukigawa robo tatu kwa nusu jibu linakuwa kubwa kuliko ulichoanza nacho. Nikakwambia geuza ya pili juu chini, kisha zidisha, kama nilivyofundishwa. Ukasema, "Lakini kwa nini?" Sikujua. Nilikuwa nimefaulu mitihani miwili mikubwa bila kujua. Nikachukua kibaba cha bati cha bibi yako, kile tunachopimia mchele wa fitri, vibaba vinne pishi moja. Tukasema pishi ndiyo nzima, kwa hiyo robo tatu ni vibaba vitatu. Nusu ya pishi ni vibaba viwili, na lile bakuli la bluu lilikuwa linachukua viwili kamili. Ukamimina mwenyewe. Bakuli likajaa mara moja, mara ya pili likafika katikati. Ukanyamaza, halafu ukasema, "Kumbe tunauliza inajaa mara ngapi!" Mimi na wewe tulielewa siku moja, dakika moja, mchele umetapakaa sakafu nzima.

Lakini sitakwambia kwamba mapenzi ya mama yanatosha. Kaka yako alifika umri wa darasa la tatu bado anachanganya b na d, na nilichokiona mimi ni uvivu. Nikamwongezea kurasa, nikamnyima kucheza nje. Kumbe kitabu alikuwa anakikariri kwa kunisikiliza nikisoma. Mtihani wa mwisho wa mwaka ndio uliomfichua. Shule ya serikali ya mtaani ikampima bure ingawa hakuwa mwanafunzi wao, wakasema ni disleksia, ule ugumu wa kusoma usiotokana na uvivu wala kukosa akili. Mtaalamu akanionyesha namna ya kumfundisha sauti moja moja, akiandika herufi kwa kidole kwenye sinia la unga huku akiitamka. Alisoma. Ila ule mwaka mzima nilimwonea mtoto, na nimekwisha kumwomba radhi. Kwa hiyo Washington wakikuambia mtoto apimwe kila mwaka, kwa mtihani au kwa mwalimu mwenye leseni, usidhani wanakupeleleza. Matokeo yanabaki kwako. Yasome kama mtu anayetafuta kosa lake mwenyewe.

 

Masomo ya lazima kwenu ni kumi na moja, na la mwisho ni kumfundisha mtoto kupenda sanaa na muziki, nikafurahi kuliona humo. Mkwe wangu na gambusi lake amekwisha pata kazi.

Mjukuu wangu anatimiza miaka minane mwezi wa nane, na kwenu umri wa lazima wa kusoma unaanza hapo. Taarifa ya nia ya kumsomesha nyumbani ifike kwa huyo mkuu wa shule za wilaya kabla ya tarehe 15 Septemba. Usingoje wiki ya mwisho.

Shangazi yako anakuja huko mwezi ujao. Nimempa kile kibaba, nimekifunga kwenye kanga ili kisibonyee. Bakuli la bluu lilivunjika zamani, tafuta lingine linalochukua vibaba viwili. Na mchele amimine yeye mwenyewe, wewe usimshike mkono.

Mama yako