Gayogayo wa Ghuba ya Chwaka

Ndugu yangu uliyeuliza kwa nini Chwaka ya Unguja unapata changu tu na gayogayo, yule samaki bapa, humwoni: kamba wako si chambo kibaya, ila unamning'iniza juu mno. Gayogayo hujifukia mchangani, macho tu nje, akingoja windo limpitie mdomoni. Mtafute kwenye vipara vya mchanga katikati ya majani ya baharini, si juu ya majani yenyewe.

Chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, usiikaze. Pitisha mshipi ndani yake iteleze, piga fundo la kuizuia, kisha acha dhiraa moja mpaka kwenye ndoana. Akidaka hasikii uzito. Chambo, mimi nasema ngisi mbichi: kata ukanda mwembamba wa urefu wa kidole, choma ndoana kwenye ncha moja tu, huku kwingine kucheze. Dagaa mzima naye mzuri, lakini kaa humla upesi. Halafu vuta shibiri moja moja, polepole, chubwi itimue mchanga. Hapo ndipo anapoinuka.

Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo unakokota kila kitu; nenda maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Na ukimtoa ndoana chunga vidole, yule gayogayo mkubwa mwenye mdomo mpana ana meno makali kweli.