Siku ya manyunyu, breki yako ni ya aliye nyuma yako

Mbukwenyi, ndugu zangu mliojiunga na klabu yetu ya baiskeli mwaka huu. Wengi wenu mlianza Juni na Julai, barabara ikiwa kavu na shida kubwa ikiwa ule upepo wetu wa Dodoma. Sasa mvua za Desemba zimeingia, na mnauliza kama tukiamka kuna manyunyu tunaahirisha safari. Hatuahirishi. Ila uendeshaji wa siku hiyo si ule mliouzoea kiangazi, na ningependa mjifunze kwangu kabla hamjafunzwa na lami.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tunatoka mjini kuelekea Ihumwa, mimi nikiwa wa tatu kwenye mstari. Manyunyu yalikuwa mepesi, ya kulowanisha nyusi tu. Mbuzi wawili wakachomoza kwenye majani kandokando ya barabara. Nikabana breki zote mbili, nikasimama salama kabisa. Mwenzangu wa nyuma hakuweza kusimama. Alivunjika mtulinga, akakaa wiki kadhaa mkono umefungwa shingoni. Hakuwahi kunilaumu, na hadi leo tunaendesha pamoja, lakini kosa lilikuwa langu. Wale mbuzi niliwaona mapema. Ningepaza sauti, ningepunguza mwendo kidogo kidogo, asingeanguka mtu.

Kwa hiyo nianze na breki. Baiskeli nyingi mnazokuja nazo zina breki za raba zinazobana rimu. Rimu ikilowa, raba huteleza kwanza juu ya utando wa maji, na gurudumu huzunguka mara kadhaa kabla breki haijashika. Ukikaribia kona, tuta au kituo cha bodaboda, gusa breki mapema na kwa wepesi ili kuufuta ule utando, ndipo ubane. Mwenye breki za diski yeye hushika mara moja, na hapo ndipo penye hatari: akisimama, wa raba aliye nyuma yake bado anateleza. Ndiyo maana siku za mvua wenye diski tunawapanga mkiani. Msione kama mmeshushwa cheo.

Nafasi nayo ibadilike. Siku kavu tunabanana, gurudumu kwa gurudumu, ili wa mbele atukinge na upepo. Siku ya manyunyu acha urefu wa baiskeli mbili au tatu, na usikae sawasawa nyuma ya gurudumu la mwenzako. Sogea kando kiasi cha kiganja, vinginevyo maji yake ya tope yote utayapokea machoni. Ukiweza kufunga madigadi, hata ya plastiki ya bei nafuu, aliye nyuma yako atakuombea dua.

Wapya wengi huogopa mvua kubwa na kuyadharau manyunyu. Mimi naona ni kinyume chake. Hapa kwetu miezi mingi hupita bila tone, na muda wote huo lami inakusanya vumbi jekundu na mafuta yanayodondoka kwenye malori. Mvua kubwa huyaosha yote hayo. Manyunyu hayaoshi, huyachanganya tu yakawa uji unaoteleza. Nusu saa ya kwanza basi iendesheni kwa heshima, hasa pale njia za vumbi zinapoingia barabara kuu, maana bodaboda huacha tope lao juu ya lami. Mistari myeupe na vivuko vya pundamilia vikilowa ni kama sabuni. Kwenye reli, ivuke ukiwa umenyooka, magurudumu yakiikata reli kama msalaba, bila kubana breki wala kulaza baiskeli.

Sauti ndiyo itakayowaokoa zaidi. Wa mbele akiita "Shimo!" au "Mbuzi kushoto!", kila mmoja airudie hadi wa mwisho asikie. Wa mwisho naye aite "Gari nyuma!" Siku ya mvua masikio yamejaa upepo na maji, kwa hiyo usione haya kupiga kelele. Dimbwi lolote lichukulie kuwa ni shimo. Kwenye barabara ya Morogoro tunakaa mstari mmoja, taa ya nyuma ikiwaka hata kama ni saa nne asubuhi, na lori kubwa likikupita shika usukani imara bila kukakamaa: upepo wake hukusukuma kwanza, kisha hukuvuta.

Upepo wa matairi punguza kidogo. Kama kipimo cha pampu husoma 100 siku kavu, shusha hadi 85 au 90, tairi ishike zaidi. Bebeni mipira ya ndani miwili, si mmoja. Maji huisogeza miiba ya migunga hadi barabarani, na mwiba huzama kwa urahisi zaidi kwenye tairi lililolowa. Kuziba pancha kwenye mvua ni kujisumbua, kwa sababu solusheni haishiki kwenye mpira wenye unyevu. Badilisha, uzibe nyumbani.

Jambo moja sina mjadala nalo. Tukiwa njia za vumbi tukakuta korongo linapita maji, tunageuza. Hata kama ni ya magotini, hata kama mbingu ni nyeupe juu yetu. Mvua inaweza kuwa inanyesha mbali huko juu, na maji yakaja kwa kishindo.

Tukisimama kwa chai ya tangawizi na chapati, msikae muda mrefu na nguo mbichi. Tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi huingia mara tu ukiacha kukanyaga pedali. Mkifika nyumbani, futeni cheni na kuitia mafuta siku hiyo hiyo. La sivyo, asubuhi utaikuta ina kutu.

Jumamosi tunakutana saa 12:30 asubuhi. Kama hujawahi kuendesha kwenye unyevu, niambie kabla hatujaondoka, nikupange nyuma yangu.