Jibu: Bakteria wa chujio wanakufa kila nikiongeza maji ya bomba

Habari mkuu. Nimekusoma: unafuga sato kwenye tangi la maji ya kuzungushwa, umeweka kwenye chujio bakteria wa kusafisha maji wanaouzwa kwenye chupa, lakini kila ukiongeza maji ya bomba amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) inapanda upya.

Anza na klorini. Pima maji kabla hayajaingia tangini. Ikiwemo, yaache kwenye simtanki usiku kucha yakipigwa hewa, kisha upime tena. Cheki na alkalini (uwezo wa maji kuzuia asidi), maana kila gramu 1 ya nitrojeni ya amonia inakula takriban gramu 7 za alkalini, na pH ikiporomoka Nitrosomonas (bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitraiti) wanagoma hata bila klorini.

Ila mimi nawatilia shaka hao wa chupa. Nitrosomonas hukua polepole, na kwenye vipande vipya vya plastiki vya chujio wanakuwa uchi. Kwenye chujio la zamani wamejibanza ndani ya utelezi unaotengenezwa na bakteria wengine, wale wanaokula mabaki ya chakula na kinyesi. Klorini nyingi inaishia tabaka la juu kabla ya kuwafikia. Nitrospira, bakteria wengine wa chujio, nao wanaondoa nitraiti, ambayo ikirundikana inawasumbua hao hao Nitrosomonas.

Kwa hiyo huwa naomba vipande vyenye utelezi wa kahawia kwa mfugaji ambaye samaki wake ni wazima, nachanganya na vipya. Visuuze kwa maji ya tangi, si ya bomba, na punguza chakula hadi amonia ishuke.

Halafu hujasema: kuna dawa yoyote uliyowawekea samaki karibuni? Antibaiotiki inaweza kuua jamii nzima hiyo.